Kipuri kimoja kwa wakati: kisa cha bastola ya P08 ya mwaka 1917

Bastola yenyewe ni P08, ambayo Wamarekani wengi huijua kwa jina la Luger, iliyotoka kiwanda cha DWM mjini Berlin mwaka 1917. Mwenye nayo ni mzee wa hapa Ohio aliyeirithi kwa baba yake, askari aliyerudi nayo kutoka Ujerumani vita vilipokwisha mwaka 1945. Alipoileta kwenye karakana ninakofanya kazi alikuwa na malalamiko mawili. La kwanza, mara nyingine anavuta kifyatulio, chuma kinalia ndani, na risasi hailipuki. La pili, mara nyingine risasi inalipuka vizuri lakini ganda linakwama ndani ya chemba, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, inabidi alichokonoe kwa kijiti. Mkononi alishika mfuko wa vipuri alivyoagiza kwa posta: seti nzima ya springi, pini mpya ya kupigia fataki (kile kidude cha kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti), na kikucha kipya cha kuvutia maganda. Aliomba tubadilishe vyote kwa mpigo, kisha tuvipige chapa ya namba 63.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu maombi ya namna hii huja mara kwa mara, na kwa sababu nimeona silaha nyingi za kihistoria zikiharibiwa na mafundi wenye nia njema. Kutu huila silaha polepole. Fundi mwenye haraka humaliza kazi yake kwa alasiri moja.

Namba 63

Asiyezoea P08 atashangaa kwa nini mzee alishikilia namba. Bastola hii iliunganishwa kwa mkono. Sehemu zilitoka mashineni zikiwa zimebakizwa unene kidogo, fundi akazisugua kwa tupa mpaka zikaingiana, na zilipokwisha kuingiana hazikupaswa kutengana tena. Ndiyo maana jeshi la Ujerumani lilidai kila kipande kipigwe chapa ya tarakimu mbili za mwisho za namba ya bastola. Namba kamili iko kwenye fremu, kwenye mtutu na kwenye sehemu inayoushika mtutu. Kwingineko ni 63 tu: kwenye viungo vya goti, yaani ule mkono unaokunjika nyuma ya mtutu, kwenye kifyatulio, kwenye sefti, kwenye bamba la ubavuni, kwenye kitupio cha maganda, kwenye kikucha, kwenye pini, mpaka upande wa ndani wa vibao vya mbao vya mpini. Askari kumi wangeweza kuketi chini ya mti mmoja, wakafungua bastola zao na kuzisafisha, na kila mmoja akaondoka na vyake.

Leo namba hizo zina kazi nyingine. Zinamwambia mkusanyaji kwamba bastola imebaki na sehemu zake tangu siku ilipotoka kiwandani. P08 ambayo namba zake zote zinalingana huuzwa kwa bei ya juu sana kuliko ile iliyokusanywa kutoka bastola tatu nne, na tofauti hiyo inaweza kufika nusu ya thamani. Mzee alilijua hilo. Alikuwa na hofu, na ilikuwa hofu ya haki, kwamba akiweka kipuri kisicho na namba atakuwa ameipunguza thamani mali ya baba yake.

Kabla ya kuifungua

Jambo la kwanza ni kuhakikisha chemba ni tupu, na kwa P08 nalisema kwa mkazo maalumu. Bastola nyingi ukishazigawa vipande zinakuwa chuma tu. Hii sivyo. Sehemu ya juu, yaani mtutu pamoja na goti na boliti (kipande kinachofunga chemba kwa nyuma), ina kila kinachohitajika kulipua risasi hata ikiwa imeshatolewa kwenye fremu. Mkono unaokosea na kubana ule upau mrefu wa ubavuni, ule unaoshikilia pini, unatosha. Kwa hiyo tunatoa magazini, tunainua goti, tunatazama chemba kwa macho, kisha tunaingiza kidole. Ndipo tunaanza.

Kuna na jambo la karatasi. Marekani, sheria ya shirikisho huhesabu fremu kuwa ndiyo silaha. Pini, springi na kikucha havihesabiwi, ndiyo sababu mzee aliweza kuviagiza kwa posta kama anavyoagiza bawaba za mlango. Lakini fundi anayetengeneza silaha za watu kwa malipo lazima awe na leseni, na silaha ikilala karakanani lazima iandikwe kwenye daftari la kuingia na kutoka. Hii ililala, ikaandikwa. Msomaji aliyeko Kenya au Tanzania asichukue hali ya huku akaipeleka nyumbani: kule bastola ni ya leseni, na anayeigusa kuitengeneza naye lazima awe na kibali chake.

Tulichokikuta

Kabla ya kulaumu bastola, nililaumu risasi. Mzee alikuwa akitumia masalia ya kijeshi ya miaka mingi, yaliyokaa kwenye sanduku ghalani. Wanaopenda historia ya Afrika Mashariki watakumbuka meli ya Rubens iliyojipenyeza mpaka Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, mwezi Aprili 1915, ikashambuliwa na Waingereza na kuzama ikiwa na shehena yake. Wajerumani waliziopoa risasi kutoka majini, wakazifungua na kukausha baruti, na bado nyingi zilikataa kulipuka vitani. Bunduki zilikuwa nzima, risasi ndizo zilizougua. Nikachukua risasi mpya za kiwandani, na tatizo likapungua lakini halikwisha. Basi bastola nayo ilikuwa na lake.

Inafaa nieleze kidogo jinsi inavyofanya kazi. Georg Luger aliitengeneza kutokana na bastola ya Hugo Borchardt ya mwaka 1893. Nyuma ya mtutu kuna mkono wa vipande viwili wenye kiungo katikati, kama goti la mtu. Goti likinyooka, boliti haiwezi kurudi nyuma hata ukiisukuma kwa nguvu. Risasi ikilipuka, mtutu na goti hurudi pamoja mwendo mfupi sana, kisha vile vishikio vya mviringo vya pembeni hugonga miinuko ya fremu, goti linavunjika kwenda juu, boliti inarudi, ganda linatupwa, na springi ndefu iliyo ndani ya mpini inavuta kila kitu kirudi mbele na risasi mpya. Yote hayo hutegemea vipande vidogo kuwa na nguvu na umbo sawasawa. Ndani yake hakuna hata skrubu moja. Skrubu ni mbili tu bastola nzima, na zote zinashika vibao vya mpini.

Pini ya kupigia fataki imekaa ndani ya boliti. Ni mrija wa chuma wenye ncha mbele, na springi yake imeingia ndani ya mrija huo huo. Nyuma yake kuna kifuniko kidogo unachokibana kwa bisibisi na kukizungusha robo, halafu kinatoka. Nilipokitoa, springi haikuruka kama inavyopaswa. Ilijikokota, imevaa utando wa kahawia, mzito kama asali iliyoganda: mafuta ya zamani yaliyokauka juu ya mafuta mengine yaliyokauka. Hapo nusu ya kesi ilijibiwa. Pini iliyokuwa ikitembea ndani ya utando ule ilifika kwenye fataki ikiwa imechoka.

Hatukubadilisha chochote kwanza. Tuliloweka boliti na pini katika mafuta ya taa, tukazisugua kwa brashi laini, tukazikausha, tukapaka mafuta mepesi kidogo sana. Kisha tukajaribu kwa maganda matupu yenye fataki peke yake, bila baruti wala kichwa cha risasi, mtutu ukielekea kwenye sanduku la mchanga. Jaribio hili nalipenda kwa sababu linaacha ushahidi wa kushikika: unapanga maganda mezani na kulinganisha vishimo. Vya kabla ya kusafisha vilikuwa vya juu juu, kama mtu aliyegusa udongo kwa ncha ya kidole. Vya baada ya kusafisha vilikuwa na kina, ila si vyote sawa; kimoja kirefu, kingine kifupi. Tukaweka springi mpya kwenye pini ile ile ya zamani. Vishimo vyote vikawa na kina kimoja.

Mtu angeishia hapo akafurahi. Lakini nilipochukua kioo cha kukuzia nikaona kwamba kila kishimo, pamoja na kina chake kizuri, kilikuwa na mkwaruzo upande mmoja, mahali ukingo ulipochongoka badala ya kuwa mviringo. Nikageuza pini na kuiangalia ncha. Ilipaswa kuwa nusu tufe laini. Hii ilikuwa imemeguka kipande kidogo kama punje ya chumvi, na kuizunguka chuma kilikuwa kimetobokatoboka. Vitobo hivyo hutokana na gesi. Fataki ikipasuka, moto hutoka kwa nyuma na kuila ncha ya pini, na fataki za zamani zilikuwa na chumvi zinazoleta kutu, hivyo jeraha moja huzaa jingine. Ncha iliyochongoka nayo hutoboa fataki nyingine, gesi ikatoka tena, ncha ikazidi kuchongoka. Ni mduara mbaya, na aliye nyuma yake ni uso wa mpiga shabaha. Wajerumani wenyewe walilijua tatizo la gesi, ndiyo maana pini za miaka ya 1930 zilichongwa mifereji ubavuni ili gesi ipate pa kupita badala ya kuisukuma pini nyuma.

Basi pini ilikuwa na kosa la kweli, na kosa la usalama. Kuisugua ncha kwa jiwe mpaka iwe laini kungeipunguza urefu, na pini fupi inarudisha lile tatizo la kwanza. Hiyo ilibidi itoke.

Kikucha nacho kilikuwa na kosa lake. Kwenye P08 kikucha kiko juu ya boliti, kinashika ukingo wa ganda na kulivuta nje, na kina kazi ya pili: risasi ikiwa ndani ya chemba, kinainuka na kuonyesha ubavuni neno GELADEN, yaani imepakiwa. Gizani askari aligusa kwa kidole gumba akajua. Cha mzee kilikuwa kimepoteza kona ya ukucha wake. Mkato ulikuwa safi, wenye chembechembe zinazong'aa, alama ya chuma kigumu kilichovunjika kwa pigo na hakikuchakaa taratibu. Nikamuuliza anavyoipakia. Akanieleza kwamba mara nyingi hutupia risasi moja kwa mkono ndani ya chemba, kisha huachia goti lijifunge. Hapo ndipo kikucha kinapovunjika. Risasi ikitoka kwenye magazini, ukingo wake hupanda na kuteleza chini ya ukucha. Ikiwa tayari iko ndani ya chemba, ukucha unagongana nayo uso kwa uso na kulazimika kuruka juu. Chuma cha zaidi ya miaka 100 hakivumilii hilo siku zote.

Kinachobaki na kinachotoka

Mfuko wa mzee ulikuwa na springi ya kila mahali: ya kifyatulio, ya upau wa ubavuni, ya kizuizi kinachoshika goti wazi magazini ikiisha, na springi kuu ya ndani ya mpini. Kwa maoni yake, springi zote ni za 1917, kwa hiyo zote zimekufa.

Umri peke yake hauui springi. Springi iliyotengenezwa vizuri ikikaa bila kupigwa kutu na bila kubanwa kupita kipimo chake hudumu sana. Springi kuu inajieleza yenyewe. Ikiwa imelegea, goti hurudi nyuma kwa kasi kupita kiasi na kugonga fremu, na mahali panapogongwa huanza kung'aa, halafu kuvimba, halafu siku moja kupasuka. Nilimulika tochi nyuma ya fremu: rangi ilikuwa bado ipo, haina alama ya kipigo. Tulipopiga risasi za kiwandani, maganda yasiyokwama yalitupwa juu kwa mwendo mmoja, bila kuchelewa. Springi hiyo ilikuwa nzima. Kuiweka mpya yenye nguvu zaidi kungeleta tatizo lisilokuwapo: goti lisingefika nyuma vya kutosha, na risasi inayofuata isingeokotwa.

Bamba la ubavuni sikulitazama hata mara mbili. Ndani yake kuna mkono mdogo unaopeleka mvuto wa kifyatulio kwenye upau, na bamba hilo lilisuguliwa kwa ajili ya fremu hii hii. Watu huliondoa na kuweka jingine kwa sababu tu lao lina mikwaruzo, halafu wanashangaa kwa nini kifyatulio kimekuwa kizito au, vibaya zaidi, chepesi mno. Likiwa linafanya kazi, liachwe.

Kwa hiyo kati ya vipuri vyote vya mfuko, tulihitaji springi ya pini na pini yenyewe. Springi haina namba, haina shida. Pini mpya ilikuwa laini, bila mifereji, kama zilivyokuwa za 1917, jambo nililolishukuru, kwani pini yenye mifereji ndani ya bastola ya vita vya kwanza inafanya kazi lakini inasema uongo kuhusu umri wake. Tuliipima urefu dhidi ya ile ya zamani, tukaiingiza, tukaangalia kwamba inateleza kwa uzito wake yenyewe boliti ikiinamishwa, na kwamba ncha haitokezi mpaka ifyatuliwe.

Kikucha kipya cha mfuko nilikikataa. Kilikuwa na neno GELADEN, lakini herufi zake zilikuwa za kina kisicho sawa na kingo zake zilikuwa na vinundu vya chuma kilichomiminwa kwenye kalibu. Kipande kidogo kinachopigwa kila risasi hakitakiwi kuwa hivyo. Tukatafuta cha zamani, kutoka P08 iliyokuwa imekwisha kabisa na kuuzwa vipande. Kilikuja na tarakimu zake mbili, 91. Chuma cha zamani chenye historia usiyoijua nacho kina hatari, kwa hivyo nilikikagua chini ya kioo kutafuta nyufa kwenye shingo la ukucha na kwenye tundu la pini yake. Kilikuwa safi. Kilipoingia kilibana upande mmoja kwa unene mdogo mno, na hapa ndipo uvumilivu unapotakiwa: jiwe laini la mafuta, mipigo michache, kujaribu, kufuta, kujaribu tena. Tulikisugua kikucha cha 91, hatukugusa boliti ya 63. Ikibidi chuma kupungua, kipungue kile kigeni. Jaribio la mwisho lilikuwa kwa risasi bandia: kikucha kinapaswa kuishika bila kuiachia ukiitikisa boliti, na kuiachia kitupio kikiigusa.

"Wao walifanya, kwa nini wewe hutaki?"

Sasa nirudi kwenye ombi la kupiga chapa ya 63. Nilimwambia mzee hatufanyi hivyo. Hakukasirika. Alichukua bastola yake, akatafuta ule upau wa ubavuni, akaniinamishia kwenye taa. Kulikuwa na tarakimu mbili zilizokatwa kwa mstari mmoja mfupi, na pembeni yake 63.

"Hawa walibadilisha kipande, wakapiga namba upya," akasema. "Na juu ya chemba pana tarehe mbili, 1917 na 1920. Baba alinionyesha. Kama wao walifanya, kwa nini wewe hutaki?"

Ni swali la mtu anayeijua mali yake, na lilistahili jibu la kweli.

Baada ya Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, Ujerumani iliruhusiwa jeshi la watu 100,000 tu, na utengenezaji wa silaha ukabanwa. Jeshi hilo dogo liliishi kwa silaha zilizobaki vitani. Mwaka 1920 silaha za serikali zilipigwa chapa ya mwaka huo ili zijulikane ni zipi za dola na zipi zimepotelea mikononi mwa raia. Bastola zilizochakaa zilipelekwa kwa mafundi wa jeshi, sehemu zilizovunjika zikabadilishwa kwa zile za bastola nyingine, namba ya zamani ikakatwa, mpya ikapigwa. Upau wa bastola hii ulipita katika mikono hiyo. Mkato ule wa mstari mfupi ni sehemu ya historia ya bastola, na mkusanyaji anayejua kazi yake anaufurahia.

Tofauti ni mbili. Kwanza, fundi wa mwaka 1920 alikuwa akitunza mali ya jeshi kwa niaba ya jeshi; namba ilikuwa agizo la ghala lake. Pili, na hili ndilo zito zaidi, hakuificha namba ya zamani. Aliikata kwa mstari unaosomeka, kwa hiyo mtu wa leo anaona kilichotokea. Mimi nikipiga 63 juu ya pini iliyotengenezwa juzi, kwa herufi zinazofanana na za DWM, kazi pekee ya chapa ile itakuwa kumfanya mtu wa baadaye aamini kisichokuwa kweli. Mzee hauzi. Lakini bastola itamzidi umri, kama ilivyomzidi baba yake, na atakayeinunua kwa warithi atalipa bei ya bastola kamili kwa kuniamini mimi asiyenijua.

Kuna na hasara ambayo wengi hawaioni. Chapa za uongo zikiwa nyingi, hata chapa za kweli hupoteza imani. Leo mnunuzi akikuta bastola yenye namba zote sawa huanza kwa shaka: anapima urefu wa herufi, anatazama kama rangi imekatika kuzunguka namba, anatafuta alama za tupa chini yake. Mwenye bastola safi kabisa anabebeshwa shaka iliyozaliwa na wengine.

Mzee alinyamaza, kisha akauliza: "Zile za zamani utazipeleka wapi?"

Hapo ndipo lilipo jibu la hofu yake ya thamani. Pini ya 63 na kikucha cha 63 havitupwi. Ncha imemeguka, ukucha umemeguka, lakini namba ziko wazi na chuma ni chenyewe. Vinapakwa mafuta, vinafungwa katika karatasi isiyoleta kutu, vinawekwa kila kimoja katika bahasha yake, na bastola ikiuzwa au ikirithiwa vinakwenda nayo. Mnunuzi anapata bastola inayopiga kwa usalama, na anapata vipande vyake vyote vya asili mkononi. Akitaka kuiweka kabatini bila kupiga, anavirudisha mwenyewe kwa dakika chache. Hakuna kilichofanyika ambacho hakiwezi kurudishwa nyuma. Bei yake haitakuwa ile ya bastola isiyoguswa, nilimwambia hivyo waziwazi, lakini haitashuka mbali, kwa kuwa hakuna kilichopotea na hakuna kilichofichwa.

Tuliandika pia karatasi ya kazi: tarehe, kilichotoka na namba yake, kilichoingia na kilikotoka, sababu ya kila badiliko, na vile tulivyovikagua tukaviacha. Mstari wa mwisho unasema kikucha kilichomo kina namba 91 na hakikubadilishwa chapa.

Uwanjani

Tulianza na risasi moja kwenye magazini, kisha mbili. Hiyo ni desturi kwa bastola yoyote iliyofunguliwa sehemu za kupigia: kama kuna hitilafu ya kufyatua mfululizo bila kuombwa, heri ijitokeze ikiwa na mbili kuliko nane. Haikujitokeza. Tukajaza. Fataki zilipigwa katikati, vishimo vya mviringo, kingo laini, hakuna hata moja iliyotoboka. Maganda yalitoka yote. Yakiwa bado ya moto nilitazama ukingo wa kila ganda mahali kikucha kinaposhika: mkwaruzo mdogo unaolingana, hakuna lililochanwa.

Mzee alishauriwa atumie risasi za sasa za milimita 9 zenye kichwa cha mviringo kilichofunikwa shaba kikamilifu, uzito wa karibu gramu 8, ule ule wa risasi za jeshi la Ujerumani za wakati wake, na zenye mgandamizo wa kawaida. Zile zilizoandikwa kuwa na nguvu ya ziada asizisogeze karibu na bastola hii. Nyepesi zenye baruti hafifu nazo zinaweza kushindwa kulisukuma goti mpaka mwisho, na mtu asiyejua atakimbilia kubadilisha springi kuu. Kupakia kuwe kwa magazini siku zote. Kujaribu kifyatulio nyumbani kuwe kwa risasi bandia, kwa sababu pini ikipiga hewa mara kwa mara ndipo ncha zinapomeguka.

Springi za ziada za mfuko wake alirudi nazo nyumbani. Springi kuu tumekubaliana aitazame mwenyewe kila anaposafisha: amulike nyuma ya fremu, mahali goti linaporudi. Rangi ikiwa imetulia, aiache kama ilivyo. Paking'aa, aache kupiga na alete bastola, pamoja na bahasha zake mbili.